Kocha, Mlezi na Daraja: Swali la Kumwachisha Kazi Kocha katika Historia ya Klabu za Soka za Mwanza na Kanda ya Ziwa, 1990–2025

Ikisiri

Insha hii inachunguza swali linalojirudia karibu kila msimu katika soka la Tanzania: je, klabu inayofanya vibaya imwachishe kazi kocha wake? Swali linajadiliwa kwa kutumia mfano wa Pamba Jiji ya Mwanza, iliyoachana na Goran Kopunović mwezi Oktoba 2024 baada ya michezo saba ya Ligi Kuu bila ushindi. Mfano huo unalinganishwa na ile ya Mbao, Geita Gold, Biashara United na Kagera Sugar. Hoja kuu ni kwamba katika historia ya kanda hii, hatima ya klabu imefuata zaidi uimara wa mlezi wake, yaani taasisi inayoimiliki na kuigharimia, kuliko jina la kocha aliyekaa kwenye benchi. Hata hivyo, insha haikatai kwamba kumwachisha kazi kocha kunaweza kuwa uamuzi sahihi. Inaonesha masharti ambayo uamuzi huo unaweza kutetewa, na inadai kwamba kosa ambalo uamuzi huo hukusudia kulirekebisha mara nyingi hutendeka miezi kadhaa kabla, siku kocha anapoajiriwa.

1.0 Utangulizi

Mwezi Aprili 2024 klabu ya Pamba Jiji ilimaliza Ligi ya Championship katika nafasi ya pili nyuma ya KenGold ya Chunya, na hivyo kurejea Ligi Kuu ya Tanzania Bara baada ya miaka 23. Kwa wakazi wa Mwanza tukio hilo lilikuwa na uzito usiopimika kwa pointi peke yake. Pamba, inayojulikana kwa jina la utani la TP Lindanda, ndiyo klabu iliyowahi kuufikisha mji huo kileleni mwa soka la Muungano. Tangu iliposhuka daraja mwaka 2001, klabu nyingine za mkoa zilipanda na kushuka, lakini hakuna iliyorithi nafasi yake katika kumbukumbu ya watu.

Furaha hiyo haikudumu. Kocha aliyeipandisha timu, Mbwana Makata, hakuendelea nayo katika Ligi Kuu. Nafasi yake ilichukuliwa na Mserbia Goran Kopunović, ambaye jina lake lilifahamika nchini tangu alipoiongoza Simba kutwaa Kombe la Mapinduzi mwezi Januari 2015. Michezo saba ya mwanzo wa msimu wa 2024/25 ilipita bila ushindi hata mmoja, ikiwemo kichapo cha mabao 4-0 kutoka kwa Yanga. Katikati ya Oktoba uongozi uliachana naye na kumkabidhi timu Fred Felix Minziro. Mwisho wa msimu Pamba Jiji ilibaki Ligi Kuu bila kulazimika kucheza mchujo.

Masimulizi ya kawaida ya tukio hili ni mafupi: kocha mgeni alishindwa, akaondolewa, mzawa akaja, timu ikapona. Insha hii inayahoji masimulizi hayo. Haipingi kwamba timu ilipona. Inauliza iwapo uponyaji huo ulitokana na kuondolewa kwa kocha, na iwapo klabu nyingine inaweza kujifunza kutoka hapo kwamba kuondoa kocha ni tiba. Swali lina uzito wa pekee kwa sababu Pamba Jiji ni klabu ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Uamuzi wa kumlipa kocha mmoja ili aondoke na mwingine ili aje si suala la wapenzi wa soka peke yao. Ni matumizi ya rasilimali za umma.

2.0 Mitazamo Mitatu Kuhusu Kubadili Kocha

Mjadala wa kitaaluma kuhusu suala hili ulianzia nje ya soka. Mwaka 1963 mwanasosholojia wa Marekani, Oscar Grusky, alichunguza mameneja wa timu za besiboli na kuona kwamba timu zilizobadili viongozi mara nyingi ndizo zilizofanya vibaya. Grusky aliamini kwamba uhusiano huo unakwenda pande mbili: matokeo mabaya huleta mabadiliko ya uongozi, na mabadiliko hayo huvuruga utendaji na kuzaa matokeo mabaya zaidi. Mwaka uliofuata Gamson na Scotch walimjibu kwa hoja tofauti. Kwao, meneja ana mchango mdogo katika matokeo ya timu, na kufukuzwa kwake ni ibada ya kafara: hutuliza hasira za mashabiki na kuonesha kwamba wakubwa wamechukua hatua. Pamoja na mtazamo wa kawaida unaoamini kwamba kiongozi mpya huleta nafuu, mjadala huo uliacha mitazamo mitatu ambayo bado inatumika: mabadiliko hujenga, mabadiliko hubomoa, na mabadiliko hayana athari ila ya kutuliza nyoyo.

Katika soka, tafiti za Uholanzi zimekuwa na mchango mkubwa. Bas ter Weel alichunguza ligi ya nchi hiyo kati ya mwaka 1986 na 2004, na baadaye Jan van Ours na Martin van Tuijl wakachunguza misimu ya kuanzia 2000/01 hadi 2013/14. Umuhimu wa tafiti hizi uko katika njia ya ulinganishi. Timu iliyomwondoa kocha haikulinganishwa na hali yake yenyewe ya kabla peke yake, bali na timu nyingine iliyopitia anguko la aina ile ile lakini ikabaki na kocha wake. Ilibainika kwamba timu zilizobadili kocha zilipata nafuu, lakini zile ambazo hazikubadili nazo zilipata nafuu inayokaribiana. Maelezo yake ni mepesi. Timu huachana na kocha inapokuwa chini ya kiwango chake cha kawaida, na kitu kilicho chini ya kiwango chake huelekea kurejea kwenye wastani hata kisipoguswa. Anayeingia wakati huo huvuna nafuu ambayo ingekuja vyovyote iwavyo.

Matokeo ya Uholanzi hayawezi kuhamishiwa Mwanza bila tahadhari. Ligi ile ina klabu zenye mapato ya uhakika, mikataba inayotekelezwa na vikosi visivyotofautiana sana kutoka mwezi hadi mwezi. Katika Kanda ya Ziwa, klabu inaweza kukosa nauli, mishahara inaweza kuchelewa, na mfadhili anaweza kujitoa katikati ya msimu. Kwa hiyo kabla ya kupima mchango wa kocha ni lazima kwanza kueleza jambo ambalo tafiti za Ulaya huweza kulichukulia kuwa limekwisha tulia: ni nani anayeibeba klabu?

3.0 Klabu na Walezi Wake: Kutoka Ushirika Hadi Halmashauri

Jina la Pamba halikuwa pambo. Usukumani zao la pamba lilikuwa uti wa mgongo wa uchumi na siasa kwa miongo kadhaa. Shirikisho la vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba la Kanda ya Ziwa, lililoundwa mwaka 1955 na kuhusishwa sana na jina la Paul Bomani, lilikuwa miongoni mwa taasisi kubwa za Kiafrika katika Tanganyika ya wakati huo. Baadaye liliibuka jina la Nyanza. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kuyakabidhi mazao kwa mamlaka za umma. Sheria ya mwaka 1982 ikavirejesha. Katika mabadiliko yote hayo kitu kimoja hakikubadilika: zao lilipita katika mikono ya taasisi chache zenye uwezo wa kuajiri, kusafirisha na kulisha watu. Timu ya soka yenye mgongo wa aina hiyo ilikuwa na uhakika wa ajira kwa wachezaji na gari la kusafiria.

Ni katika mazingira hayo Pamba ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1990, mwaka ambao Simba ilikuwa bingwa wa Bara. Kikosi cha kipindi hicho kilikuwa na wachezaji kama George Masatu, Hussein Masha, Khalfan Ngassa, Fumo Felician na Nteze John, majina ambayo bado yanatajwa jijini Mwanza kila soka linapozungumzwa. Hata hivyo, ubingwa huo ulikuja wakati nguzo iliyouegemeza ilikuwa imeanza kuyumba. Mageuzi ya uchumi yaliruhusu wafanyabiashara binafsi kununua na kuchambua pamba kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na taasisi za zao zikapoteza ukiritimba uliozipa fedha za ziada. Masatu na Masha walikwisha hamia Simba, na mwaka 1993 walikuwa sehemu ya klabu iliyofika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan. Pamba ilishuka daraja mwaka 2001. Kulieleza anguko hilo kwa makosa ya kocha fulani ni kulitazama jani na kuusahau mti: mlezi aliondoka, wachezaji wakamfuata mlezi mwingine Dar es Salaam, na benchi la ufundi likabaki na lawama.

Klabu zilizofuata zinathibitisha jambo hilo kwa njia tofauti. Toto African iliishi kwa nguvu ya wanachama na wapenzi, na ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2016/17. Mbao ilibeba jina la biashara ya mbao. Alliance ilizaliwa na shule na kituo chake cha kukuza vipaji. Gwambina ya Misungwi ilitegemea mmiliki binafsi aliyejenga hata uwanja wake; ilicheza Ligi Kuu msimu mmoja tu wa 2020/21. Mbao na Alliance zilishuka pamoja mwaka 2020, na baada ya Gwambina kushuka mwaka 2021, Mkoa wa Mwanza ulikaa misimu mitatu bila timu ya Ligi Kuu. Ushirika, wanachama, wafanyabiashara, shule, mtu binafsi: kila aina ya mlezi ilijaribiwa, na kila moja ilikuwa na kikomo chake. Kurudi kwa Pamba chini ya Halmashauri ya Jiji ni jaribio jingine katika mfululizo huo, si mwanzo mpya usio na historia.

4.0 Makocha wa Kanda ya Ziwa: Mifano ya Kulinganisha

4.1 Mbao: subira iliyolipa na haraka isiyolipa

Mbao ilipanda Ligi Kuu mwaka 2016 katika mazingira yasiyo ya kawaida, baada ya timu nne za kundi lake kuadhibiwa kwa upangaji wa matokeo. Haikuwa na kikosi cha gharama. Kocha wake, Mrundi Ettiene Ndayiragije, alipambana na hatari ya kushuka msimu wote wa 2016/17, na uongozi ukabaki naye. Aprili 2017 Mbao iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho kwa bao 1-0 jijini Mwanza. Siku ya mwisho ya ligi iliifunga tena Yanga 1-0 na kunusurika. Tarehe 27 Mei 2017 ilicheza fainali mjini Dodoma na kufungwa na Simba mabao 2-1 baada ya muda wa nyongeza.

Baada ya Ndayiragije kuondoka mwaka 2018, Mbao ilipita mikononi mwa makocha kadhaa, wakiwemo Amri Said, Salum Mayanga na Hemed Suleiman “Morocco”. Hawa hawakuwa makocha wa kubahatisha. Mayanga alikwisha kuifundisha Taifa Stars, na Morocco angekuja kuifundisha baadaye. Mwaka 2020 Mbao ilishindwa na Ihefu katika mchujo na kushuka. Ikiwa ubora wa kocha ungekuwa ndio kigezo kikuu, orodha hiyo ingetosha kuibakisha timu.

4.2 Geita Gold: uamuzi mmoja, matokeo mawili

Mfano wa Geita unatoa changamoto kwa hoja ya subira, na haupaswi kupuuzwa. Geita Gold, klabu iliyo chini ya halmashauri na yenye udhamini wa mgodi wa dhahabu, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021 na kumwajiri Ndayiragije yule yule aliyeng'ara Mbao. Kati ya vipindi hivyo viwili alikuwa ameiongoza KMC kumaliza nafasi ya nne katika msimu wa 2018/19, akapita Azam, na akaipeleka Taifa Stars katika fainali za CHAN. Geita mambo yalimwendea mrama mapema, akaondolewa, na Minziro akachukua timu. Msimu uliisha Geita ikiwa nafasi ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17.

Hapa mtazamo kwamba mabadiliko hujenga unaonekana kushinda. Lakini klabu hiyo hiyo ilibadili kocha tena ndani ya msimu wa 2023/24, na safari hiyo ilishuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Uamuzi ni ule ule, klabu ni ile ile, matokeo ni kinyume. Kilichotofautiana ni hali ya kikosi na muda. Mwaka 2021 mrithi alikuwa tayari ndani ya nyumba, akiwajua wachezaji, na alikuwa na mshambuliaji aliyekuwa katika msimu wake bora. Mwaka 2023/24 vitu hivyo havikuwepo kwa kiwango hicho.

4.3 Biashara United: pale kocha anapokuwa nje ya swali

Mwezi Oktoba 2021 Biashara United ya Musoma iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Mchezo wa marudiano haukufanyika kwa sababu timu ilishindwa kusafiri. Benchi la ufundi lilikuwa limetimiza wajibu wake. Ushindi ulipotea katika vibali na usafiri. Msimu huo huo Biashara ilishuka daraja. Mfano huu ni mfupi, lakini unaonesha kwa uwazi mpaka wa kazi ya kocha. Hakuna kocha, awe mvumilivu au mkali, mzawa au mgeni, anayeweza kufundisha timu isiyoondoka uwanja wa ndege.

5.0 Pamba Jiji, 2024/25: Uchambuzi wa Uamuzi

Kwa kutumia mwanga huo, uamuzi wa Oktoba 2024 unaweza kutazamwa upya katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ulinganishi. Msimu huo huo, ng'ambo ya pili ya ziwa, Kagera Sugar ya Bukoba nayo ilianza vibaya na kuachana mapema na kocha wake, Mganda Paul Nkata. Klabu hizo mbili zilichukua hatua ya aina moja katika kipindi kinachokaribiana. Pamba Jiji ilibaki. Kagera Sugar ilishuka pamoja na KenGold. KenGold yenyewe, iliyopanda ikiwa juu ya Pamba, ilibadili kocha zaidi ya mara moja ndani ya msimu. Kwa hiyo kati ya klabu tatu zilizotumia dawa hiyo, moja tu ilipona. Idadi hii ni ndogo mno kuthibitisha kwamba dawa haifanyi kazi, lakini inatosha kuonesha kwamba kupona kwa Pamba hakuwezi kuelezwa na dawa hiyo peke yake.

Hatua ya pili ni kutazama nini kingine kilibadilika. Michezo saba kati ya 30 ilikuwa imechezwa, 23 ilibaki. Dirisha dogo la usajili lilikuwa mbele, na klabu ililitumia kuongeza wachezaji. Kwa maneno mengine, Minziro hakupewa timu ile ile aliyokuwa nayo Kopunović. Alipewa muda mrefu zaidi na, kuanzia Januari, kikosi kilichoimarishwa. Mlezi, yaani Halmashauri na viongozi wa mkoa walioisimamia timu kwa karibu, hakuyumba. Haya ni masharti ambayo Mbao ya mwaka 2020 haikuwa nayo kwa pamoja.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha insha hii, ni kurudi nyuma hadi siku za usajili za mwaka 2024. Pamba Jiji ilipandishwa na kocha mmoja na kuingia Ligi Kuu na mwingine. Kocha mpya alikuta kikosi kilichojengwa kwa ajili ya Championship na mtindo wa mwenzake, na alikuwa na wiki chache za maandalizi kabla ya kukutana na klabu zenye bajeti zisizolinganishwa na yake. Ikiwa Kopunović hakufaa, basi swali la kwanza linawahusu waliomchagua: walitumia vigezo gani, na vigezo hivyo vilibadilika vipi ndani ya michezo saba? Na ikiwa alifaa mwezi Julai, michezo saba, mmojawapo dhidi ya bingwa mtetezi, ni ushahidi mdogo wa kumfanya asifae mwezi Oktoba. Kwa vyovyote vile, kosa lilitangulia kufukuzwa.

Jambo hili linathibitishwa na kilichofuata. Minziro, aliyeibakisha timu, naye hakuendelea. Klabu iliuanza msimu wa 2025/26 na Mkenya Francis Baraza, aliyekuwa na uzoefu wa kanda kupitia Biashara United na Kagera Sugar. Kuanzia Aprili 2024 hadi kuanza kwa msimu huo, Pamba Jiji ilikuwa imepita kwa makocha wakuu wanne. Wawili kati yao, Makata na Minziro, waliondoka baada ya kufanikisha kile walichoajiriwa kukifanikisha. Hapo nadharia ya kafara haitoshi, kwa kuwa kafara hutolewa wakati wa balaa. Kubadili kocha wakati wa balaa na wakati wa neema ni dalili kwamba benchi la ufundi limekuwa sehemu ya klabu iliyo rahisi kuliko zote kuibadili.

6.0 Mjadala

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ile ya mashabiki, nayo ina busara yake: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kushuka daraja kwa klabu ya Mwanza si hasara ya msimu mmoja. Pamba ilikaa nje kwa miaka 23, na Toto, Mbao, Alliance na Gwambina hazijarudi hadi sasa. Mahali ambapo gharama ya kushuka ni kubwa kiasi hicho, kuchukua hatua mapema hata bila uhakika kunaweza kuwa na mantiki. Insha hii inakubali nguvu ya hoja hiyo, na kwa sababu yake haidai kwamba uamuzi wa Oktoba ulikuwa kosa. Inachodai ni kwamba hoja hiyo inahalalisha kuziba ufa, na haisemi ufa uko wapi. Katika historia iliyoelezwa hapa, nyufa kubwa zilikuwa kwa mlezi.

Pingamizi la pili ni kwamba kuwataka viongozi wawe na subira ni kuwataka wasiofahamu wakati ujao wabebe lawama. Kiongozi anayembakiza kocha na timu ikashuka hulaumiwa kwa jina. Anayembadili na timu ikashuka husemwa kwamba alijaribu. Mfumo huu wa lawama ndio unaolifanya jambo la kufukuza kuwa chaguo jepesi. Tiba yake si kuhubiri subira, ila kuandika masharti kabla ya dhoruba. Klabu ya umma ina nafasi nzuri kuliko ya mtu binafsi ya kufanya hivyo, kwa sababu halmashauri imezoea kuajiri kwa vigezo, kuweka malengo na kukaguliwa. Klabu kadhaa nchini zimewahi kufungiwa kusajili na FIFA kutokana na madai ya wachezaji na makocha walioachwa. Deni la namna hiyo likiiangukia klabu ya jiji, linamwangukia mlipa kodi wa Buhongwa na Igoma ambaye huenda hajawahi kukanyaga Kirumba.

Kutokana na mifano iliyochambuliwa, masharti manne yanajitokeza. Kwanza, uamuzi ufanyike wakati michezo iliyobaki ni mingi na dirisha la usajili liko mbele, kama ilivyokuwa kwa Pamba Jiji. Pili, mrithi awe ameonekana kabla nafasi haijawa wazi, na ikiwezekana awe anawajua wachezaji, kama ilivyokuwa Geita mwaka 2021. Tatu, ithibitishwe kwamba mishahara, posho na safari zilikuwa sawa katika kipindi kinachohukumiwa. Kocha asihukumiwe kwa mambo yaliyo nje ya uwanja wa mazoezi. Nne, matokeo yapimwe pamoja na ugumu wa wapinzani, kwa kuwa kufungwa na Yanga ugenini na kufungwa nyumbani na timu inayopigania kubaki si ushahidi wa uzito mmoja. Pale sharti moja linapokosekana, uamuzi unaingia shaka. Pale yote manne yanapokosekana, kinachobaki ni kafara.

Sharti la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linaitaka klabu ijichunguze yenyewe kabla ya kumchunguza mwajiriwa wake. Pamba Jiji inamilikiwa na Jiji, lakini Uwanja wa CCM Kirumba ni wa chama na uko Ilemela, manispaa nyingine. Uwanja wa Nyamagana ulio wa Jiji ni mdogo zaidi. Hata mahali pa kuchezea, basi, panahitaji makubaliano na mamlaka zaidi ya moja. Kocha hana sauti katika makubaliano hayo, ingawa matokeo yake huandikwa kwa jina lake.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeuliza iwapo klabu inayofanya vibaya imwachishe kazi kocha wake, na imelijibu swali hilo kwa historia ya Mwanza na Kanda ya Ziwa. Jibu ni kwamba inaweza kufanya hivyo, kwa masharti, lakini isitarajie kuokolewa na tendo hilo. Uamuzi wa Pamba Jiji wa Oktoba 2024 unatetewa na muda uliobaki, dirisha lililokuwa mbele na mlezi aliyesimama imara. Hauwezi kutetewa kwa kusema tu kwamba timu ilibaki, kwa kuwa Kagera Sugar ilifanya kama hivyo na kushuka, na Mbao ya 2017 ilifanya kinyume na kubaki.

Kwa watafiti, mifano hii inaelekeza mahali ambapo kazi zaidi inahitajika. Historia ya soka la Tanzania imeandikwa sana kama historia ya Simba na Yanga, wachezaji wao na makocha wao. Historia ya klabu za mikoani inadai kuandikwa pia kama historia ya taasisi: vyama vya ushirika, mamlaka za mazao, migodi, shule na halmashauri. Bingwa wa Muungano wa mwaka 1990 hakuanguka kwa sababu alikosa mtu wa kupanga kikosi. Alianguka baada ya zao lililompa jina kupoteza nguvu ya kumlea. Halmashauri ya Jiji la Mwanza, iliyochukua nafasi ya zao hilo, ina uwezo wa kubadili kocha kila msimu. Kipimo chake halisi kitakuwa iwapo bajeti ya klabu itaendelea kuwepo baada ya viongozi waliopo kuondoka madarakani.